Chokaa Juu ya Gari la Alfani

Mwanamke anaweza kuachika kwa sababu ya chokaa? Msicheke. Madina, muuza mikate wa mtaa wa Kabondo mjini Kisangani, aliachika kwa sababu ya chokaa, na chokaa yenyewe haikuwa yake, ukuta haukuwa wake, wala gari lililochafuka halikuwa lake.

Alizaliwa humo humo Kisangani, mji ambao wazungu siku zile waliuita Stanleyville, katika ukoo wa wale Waislamu wa zamani ambao babu zao walifika na misafara ya pembe za ndovu. Baba yake alishona kanzu. Yeye aliolewa akingali msichana na Alfani, dereva, mtu mwenye roho safi na ulimi mbovu. Kwa kutenda, Alfani alikuwa mzito kupita kiasi: kuchagua mbuzi wa Idi tu angezunguka soko hadi mbuzi wenyewe wachoke. Lakini kwa kusema! Neno lilikuwa limekwisha toka mdomoni kabla yeye mwenyewe hajalisikia.

Talaka ya kwanza ilitoka kwa sababu ya samaki aliyeungua. Ya pili, Madina alimjibu mbele ya wageni. Mara zote mbili, eda haijaisha, Alfani alirudi analia, ameshikwa mkono na mwalimu Yakubu wa msikiti wa mtaani, na Madina akakubali kurudiwa. Angefanyaje? Alimpenda mtu wake. Ila mara ile ya pili mwalimu hakucheka.

"Imebaki moja, Alfani," alimwambia. "Hiyo ukiitoa, Madina haiko tena muke wako. Hakuna kurudiana, hata ulie damu, mpaka aolewe na mutu mwingine na aachike huko. Funga kinywa chako."

Alifunga. Miaka ilipita, binti yao Hadidja akakua, akaolewa Banalia, na wazee wawili wakabaki katika nyumba yao ya udongo na bati, wanataniana jioni. Madina alijiona amevuka.

Kisha likaja gari. Lilikuwa Chevrolet jeusi, kuukuu, Alfani alilinunua kwa Mgiriki mmoja aliyefunga duka, na akawa anapeleka abiria Banalia na kurudi. Ee Mungu, gari lile! Alilipangusa kuliko alivyojipangusa yeye. Mtu mweusi mwenye gari lake mwenyewe, mwaka ule wa hamsini na saba, alikuwa mtu wa kusimamiwa njiani na kutazamwa, na Alfani alipenda kutazamwa.

Ukuta wa jirani ulikuwa hatua chache kutoka pale gari lilipolala. Jirani huyo aliitwa Benoît, karani wa posta, Mkatoliki, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, mwenye maneno ya kuchekesha kwa kila jambo. Mke wake, Philomène, alitoka upande wa Banalia na hakuwa na mama wala dada mjini. Madina ndiye aliyekuwa mama yake. Asubuhi alimpelekea mikate ya moto, jioni walitwanga pamoja pondu, majani ya muhogo, na Philomène aliposhika mimba, baada ya nyingine kuharibika, Madina alikuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya Benoît.

Jumapili moja Benoît akaamua kupaka nyumba yake chokaa. Ajenti wa usafi alikuwa karibu kupita, na nyumba yenye ukuta mchafu ilikuwa na matata yake. Burashi aliiona kazi ya washamba. Akaazima pampu ya kunyunyizia dawa kwenye kahawa, akachanganya chokaa na chumvi ili ishike, akaanza kupuliza. Upepo ukatoka mtoni. Ukuta ulipata nusu, nusu ya pili ikaenda kukaa juu ya Chevrolet.

Alfani alikuwa ndani amelala. Alipotoka, jua lilikuwa limekwisha kukausha ile chokaa. Alichukua kitambaa akasugua, na rangi nyeusi ikatoka pamoja na chokaa, mikwaruzo mlango mzima. Akapiga kelele watu wakatoka majumbani.

"Benoît! Una wazimu? Tazama gari yangu!"

"Papa Alfani, pole, pole sana. Niliita, hakuna mutu aliitika. Alors, tutasafisha."

Hapo angenyamaza, mambo yangeishia kwenye ndoo ya maji. Lakini Benoît aliona watu wamejaa, na mdomo ukamwasha. Akasema, "Usikasirike, papa. Gari yako imepanda cheo. Juzi ilikuwa mweusi kama siye, leo imekuwa mundele, muzungu kabisa!"

Mtaa mzima ukacheka. Wanawake wakashika mbavu. Hata mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama acheke vizuri. Alfani aligeuka huku na huku, kitambaa mkononi, na kila alikogeuka aliona meno.

Madina alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Alisikia kicheko, akatabasamu bila kujua kisa. Halafu akasikia sauti ya mumewe.

"Wallahi! Mutu wa nyumba hii ya Benoît, mukubwa ao mutoto, akitia muguu ndani ya gari yangu, Madina ameachika! Talaka ya tatu!"

Mchi ukamtoka mkononi. Huko nje kicheko kilikatika. Alfani mwenyewe alishika mdomo kwa viganja viwili, anatafuta pa kulirudisha lile neno, na halikuwa na pa kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni ile ile walikwenda kwa mwalimu Yakubu. Mwalimu akasema kiapo kimekaa. Talaka bado haijaanguka, lakini kiapo kimekaa. Siku mtu wa nyumba ya Benoît atakapokanyaga ndani ya gari la Alfani, siku hiyo Madina si mkewe.

Tangu hapo Madina aliishi kama mtu anayelinda mtungi wa maji katikati ya njia. Watoto wakicheza karibu na gari, anatoka. Mgeni akishuka kwa Benoît, anauliza kama atalala, kama ni ndugu. Watu wa mtaa, midomo yao ni michafu, walimtania: "Mama Hadidja, na kuku wa Benoît je? Naye si wa nyumba ile?" Alicheka nao, na walipopita akafukuza kuku karibu na gari.

Benoît alikuja kuomba radhi, na jogoo mkononi, uso umemwanguka. Alfani akampa mkono. Hawakuwa na ugomvi tena, hilo ndilo la kuudhi! Waliokosana walipatana, na kiapo kikabaki pale pale. Alfani alikuwa mpole hadi Madina akamwonea huruma. Alimchotea maji. Usiku alimshika kiganja akalala nacho.

Na mimba ya Philomène ikawa inakua.

Ilikuwa mchana, mvua imetoka kunyesha. Alfani alikuwa amerudi kula, gari liko nje. Benoît alikuwa kazini posta, huko Makiso, katikati ya mji. Madina akasikia sauti kwa jirani, si ya kuita, ni ya mnyama. Aliruka ua. Philomène alikuwa sakafuni, ameshika mlango, na damu imefika hadi kizingiti.

"Mama Hadidja, mutoto anatoka. Haiko siku zake."

Madina alikuwa ameona wanawake wengi wakizaa na wachache wakifa, na damu ile aliijua ni ya upande gani. Alimbeba hadi barazani, akamwita mumewe. Alfani akaja na tonge mkononi. Akaona. Tonge likaanguka.

Hospitali ilikuwa mbali. Kwa baiskeli angekufia njiani. Kwa machela, nani wa kumbeba saa ile, wanaume wote wako kazini, njia yote tope? Gari lilikuwa pale, lina petroli. Alfani alilitazama gari, akamtazama mkewe, akalitazama tena gari. Mkono wake ulikwenda kwenye mpini wa mlango, ukarudi.

"Ngoja," alisema mwisho. "Ningoje. Naenda kwa mwalimu. Labda iko mlango ya kutokea kwa kiapo." Akageuka, akaondoka.

Madina akabaki na kichwa cha Philomène mapajani. Damu haikusimama. Alimwazia mumewe huko kwa mwalimu, ameketi mkekani, anauliza, anauliza tena, anapima. Alimjua. Jambo likiwa bado halijaamuliwa, Alfani angekaa nalo hadi lioze. Lakini akikuta limekwisha kutendeka, hana la kupima, atashika usukani na kwenda. Basi limalizike. Hakuna mwingine wa kulimaliza ila yeye.

Msidhani hakuogopa. Alimwona Alfani wa jioni, anamtania juu ya chumvi. Aliona mkeka wao. Alitaka kulia, akaona kulia nako kunakula muda.

"Simama, mwanangu. Twende."

Philomène alielewa, akashika nguzo ya baraza. "Hapana! Mama, utaachika. Niache. Nitangoja."

"Utangoja nini? Kaburi? Achia nguzo."

"Mama Hadidja, nakuomba."

"Na miye nakuomba. Achia."

Alimbandua vidole, akamkokota hadi garini, akafungua mlango. Philomène hakuwa na nguvu ya kupanda, wala hakutaka. Madina akainama, akashika mguu wa yule binti kwa mikono yake, mguu wenye tope na damu, akauinua na kuutia ndani ya gari. Akamsukuma akakaa. Akaingia naye, akamkumbatia.

Ndipo akasikia mtu anakimbia.

Alfani alitokea kwenye kona, kanzu ameikunja hadi magotini, matope usoni, kofia hana. Nyuma yake mwalimu Yakubu, mzee wa watu, anahema, naye anakimbia. Alfani alikuwa anacheka! Alikuwa anapiga kelele tangu mbali.

"Mlango iko, Madina! Iko! Nimemupa mwalimu gari! Ni hiba, amekubali, sasa ni gari yake, si yangu tena! Apande! Philomène apa..."

Akafika. Akaona.

Mwalimu alisimama ameshika kiuno, anatafuta pumzi. Kisha akauliza polepole, "Amepanda sasa hivi?"

"Kabla hamujatokea kwenye kona," Madina alisema.

"Mulipofika kwako, mwalimu," Alfani alianza, ulimi unajikwaa, "miye nilipofika kwako, nilisema hiba pale pale, sindiyo? Kabla. Labda ilikuwa kabla."

"Ulisema hiba, nikasema nimeipokea. Lakini hiba haijawa yangu mpaka niishike, Alfani. Ndiyo maana tulikimbia, nije niiguse kwanza." Mzee alinyoosha mkono, akauweka juu ya boneti, akauondoa. "Muguu umetangulia."

Kutoka kiti cha nyuma Philomène alilia kwa uchungu. Alfani akaingia, akawasha gari, akaenda. Aliendesha vizuri kuliko siku zote. Mwalimu aliketi mbele. Katika kioo Alfani alimtafuta Madina kwa macho, naye akavuta kitambaa chake, akajifunika uso, kama anavyojifunika mbele ya mwanaume yeyote wa njiani.

Philomène alipona. Mtoto hakupona. Mtawa aliyewapokea alisema mama naye alikuwa amebakiza kidogo tu afe.

Madina alipotoka hospitali, jua lilikuwa bado liko juu. Alfani alikuwa amesimama kando ya gari, damu kwenye viti na asiione. Mwalimu Yakubu alikaa mbali kidogo, ameinamisha kichwa.

"Ulikuwa unakuja kusema apande?" Madina aliuliza kutoka nyuma ya kitambaa.

"Ndiyo."

"Hukukaa kwa mwalimu?"

"Sikukaa hata kidogo. Sikuvua hata viatu, Mama Hadidja. Nilisemea mlangoni."

"Miye niliwaza utakawia," alisema. "Maisha yote unakawia. Niliwaza utakawia, Baba Hadidja."

Alfani akaegemea gari, akalia kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakipita, mwanaume mzima. Machozi yakachuruzika na tope la usoni. Madina aliinua mkono amfute, kama alivyomfuta mara zile mbili. Akaurudisha. Hakuwa na ruhusa tena ya kumgusa.