Nyusi za Esta

Damari alikuwa na mkono mwepesi wa wembe, na hilo ndilo lililomponza. Aliupatia Iringa, miaka ile mumewe Eliezeri alipokuwa fundi cherehani huko. Jirani yao, mwanamke wa Tanga, alimfundisha kutinda nyusi: unapaka majivu kidogo ili unywele usiteleze, unavuta ngozi kwa kidole gumba, wembe unaupitisha juu juu. Walipohamia Mbeya, Eliezeri akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na kanisani kutinda nyusi kulihesabiwa pamoja na pombe na ngoma. Aliyekutwa alitengwa na Meza ya Bwana. Basi Damari akawa anatinda jikoni, mlango umefungwa, kwa wanawake anaowaamini tu. Hakutoza kitu. Alipenda kuona uso wa mtu ukichangamka mikononi mwake, na mimi mpaka leo sioni dhambi yake iko wapi. Dhambi ilikuja baadaye.

Mwaka hamsini na nne, wakati wa masika, akaja Esta, mke kijana aliyeolewa milimani juu ya mji. Mumewe Asukile alikuwa anarudi kutoka migodi ya Afrika Kusini baada ya mwaka na nusu.

"Mama, nataka anione mpya," alisema. "Huko amezoea kuona wanawake wa mjini."

Damari akacheka, akamkalisha kwenye kigoda. Unyusi wa kulia ulikaa vizuri kabisa. Alipofika katikati ya ule wa kushoto, majivu yakamwingia Esta puani, akapiga chafya. Wembe ukala nusu ya unyusi. Damari akajaribu kulinganisha, akapunguza huku, akapunguza kule, mpaka mwisho hapakubaki kitu upande wowote.

"Zitaota, mwanangu. Shina liko ndani," alisema, jasho likimtoka. "Baada ya wiki chache utaona vinywele vinachomoza, baada ya miezi mitatu zitakuwa zimejaa. Kwa sasa jichore kwa masizi. Ila usinitaje. Mzee akijua, nimekwisha."

Esta akaapa. Kwa bahati mbaya, alikuwa mtu wa kushika kiapo.

Masizi na mvua ya Mbeya havipatani. Siku ya tatu baada ya Asukile kufika, Esta alirudi kutoka shambani amelowa, uso mtupu. Mama mkwe wake, Yudith, alimtazama, akaangusha ungo. Kaka yake Yudith alikufa kwa ukoma, na ulimwanza hivyo hivyo, kwa nyusi kupukutika. Esta akasema zimenyolewa. Na nani? Akanyamaza. Nani basi angemwamini? Huko juu hakuna aliyewahi kusikia mtu mwenye akili zake ananyolewa nyusi.

Lakini Yudith alisikia kwamba mkwewe alionekana akitoka kwa Damari, akateremka mjini. Aliwakuta Damari na Eliezeri wanakunywa uji.

"Ugonile, mama," alisalimu kwa lugha ya kwao. "Nauliza kitu kimoja tu. Ni wewe umemnyoa mkwe wangu nyusi? Kama ni wewe, sema, nitapiga magoti nikushukuru."

Eliezeri akaweka kikombe chini, akamgeukia mkewe.

"Mimi?" alisema Damari. "Alikuja kusalimia tu."

Yudith akalia pale pale mlangoni. Juma lile lile Esta akapakiwa kwenye lori, akapelekwa kambi ya wakoma, mbali na mji. Daktari alipita huko mara moja kwa miezi mitatu. Kabla hajafika, aliyeletwa alikaa na waliokuwapo, akala nao, akalala nao.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Damari ilikuwa ndefu, na aliyeitembea ni Esta. Damari alihesabu majuma kwa hofu. Aliona aibu, uji ulimshinda, usingizi ulimruka, lakini mdomo haukufunguka. Alijiambia nyusi zikiota zitamtetea zenyewe. Asukile naye alichoka kusubiri, akarudi migodini.

Miezi mitatu ilipokwisha, Jumapili ya Meza ya Bwana, Damari akasimama mbele ya ushirika akasema yote. Eliezeri aliinamisha kichwa asimtazame. Wakamtenga miezi sita. Hakungoja hata wimbo wa mwisho. Alipanda mlima moja kwa moja mpaka kwa Yudith, aliyekuwa akimenya ndizi uani, akapiga magoti, akarudia maneno yale yale.

"Nyusi zimeota, mama," alijibu Yudith taratibu. "Daktari alimwachia juma lililopita. Alisimama hapo hapo ulipo, nyusi zimejaa, nyeusi, nzuri kuliko zamani. Nimeziona kwa macho yangu."

"Yuko wapi basi?"

"Nilimzuia asiingie. Miezi mitatu amekula sahani moja na wakoma. Kumbe alipoondoka hapa alikuwa mzima, unaniambia leo. Sasa ni nani ataniapia kwamba amerudi mzima?"

Damari akainuka, akageukia njia ya kuteremka mjini.

"Amerudi kambini," alisema Yudith. "Alisema huko angalau wanamkaribisha kula."