Mume wa Mlangoni

Kiprono alikuwa mlinzi wa mlango katika jumba moja la maduka huko Al Wukair, nje kidogo ya Doha, na kazi yake ya Ijumaa ilikuwa kuwarudisha wanaume. Siku hiyo ilikuwa ya familia tu. Mwanaume aliyekuja peke yake, au na wenzake wa kambini, hakuingia, hata awe amenyoa vizuri na kuvaa shati lililopigwa pasi. "Samahani, rafiki, leo familia tu," Kiprono angemwambia, na Mnepali au Mbangladeshi yule angechungulia kupitia kioo, aone watu wanakula aiskrimu, kisha ageuke. Wengine walikuwa wamelijenga jumba lenyewe. Mwanzoni jambo hilo lilimsumbua. Baadaye alilizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Yeye mwenyewe alikuwa na familia. Mkewe, Miriam, alikuwa yaya katika nyumba moja mtaa uo huo, na binti yao Daisy alilelewa na nyanya yake huko Sotik. Kiprono ndiye aliyetangulia Doha. Miriam alipopata kazi akamfuata, walidhani kuwa katika mji mmoja ni kuwa pamoja. Kumbe sivyo. Chumba cha Kiprono kilijaa vitanda vya ghorofa na wanaume wenzake, na mgeni wa kike hakuruhusiwa hata kufika ngazini. Nyumba alimofanya kazi Miriam nayo haikupokea wageni wa mfanyakazi. Walionana siku chache ambazo mapumziko yao yaligongana, wakala chapati na maharagwe katika hoteli ya Wakenya pale Al Sadd, halafu kila mmoja akapanda basi lake.

Siku nyingine alimwona mlangoni. Kila Ijumaa alasiri madamu wa Miriam aliwatuma watoto wake, Moza na Nasir, wakacheze kwenye bembea za ndani. Miriam alimshika Moza mkono. Nasir alikuja amekaa mabegani kwa dereva wa nyumba hiyo, Mganda mmoja mrefu, mcheshi, jina lake Trevor. Nao wote wanne waliingia, kwa kuwa aliye na watoto ni familia. Kiprono aliwafungulia mlango.

Miriam alimsalimu kwa macho tu, maana mlinzi kupiga gumzo zamuni lilikuwa kosa. Trevor yeye alimpigia saluti ya mzaha: "Ssebo!" Kisha akamgeukia Miriam: "Twende, nyabo."

Nyabo! Kiprono alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Ndirangu, mwenzake wa zamu, alijaribu kumtuliza. "Kwao ssebo ni bwana, na nyabo ni heshima tu, kama sisi tunavyosema mama." Kiprono akaanza kushusha pumzi, ndipo Ndirangu akaongeza huku akicheka, "Lakini pia wewe ona hii maneno. Wewe ndiye bwana, yeye ndiye familia."

Mzaha ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo kila Ijumaa alipata sababu ya kusogea karibu na bembea. Siku moja aliwaona kupitia kioo wameketi benchi moja, vichwa vimeinamia simu ya Trevor. Miriam alikuwa akicheka, kiganja mdomoni, jinsi alivyocheka Sotik walipokuwa wachumba. Al Sadd hakucheka hivyo. Al Sadd walizungumza karo ya Daisy na mabati ya nyumba.

Jioni alimpigia. "Mama Daisy, wewe na yule Mganda mnachekelea nini?"

"Nani, Trevor? Ni vitu tu."

"Vitu gani?"

"Baba Daisy, madamu ananiita." Simu ikakatika.

Vitu tu. Mwenye wivu hahitaji zaidi ya hapo. Kwa maneno hayo mawili Kiprono alijenga nyumba nzima, akaitia na mapazia.

Ijumaa iliyofuata Trevor alipofika na Nasir mabegani, Kiprono alinyoosha mkono ukamgusa kifua. "Wewe simama hapo. Leo familia tu."

"Ssebo, mimi si nakuja na hawa kila wiki?"

"Ingia basi na mke wako. Kama ni wako."

Trevor aliacha kutabasamu. Nasir akaanza kulia. Miriam alisema kwa sauti ya chini, "Baba Daisy, unatuaibisha," lakini Kiprono hakuuondoa mkono wake. Watu nyuma walikuwa wamejipanga na vigari vya watoto. Siku hiyo, kwa bahati mbaya yake, madamu mwenyewe alikuwa amekuja, yuko garini anazungumza kwa simu. Aliteremka, na msimamizi wa walinzi naye akaja mbio.

"Miriam, unamfahamu mlinzi huyu?" madamu aliuliza.

Kiprono alimtazama mkewe. Kukana kungekuwa rahisi.

"Ni mume wangu, madamu."

"Mume wako? Huyu anayetufungulia mlango?" Akaisoma beji ya Kiprono kana kwamba haijawahi kuwa pale. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, madamu."

Madamu akamwambia msimamizi kwamba hataki mtu afukuzwe kwa ajili yake. Kiprono hakufukuzwa. Kampuni ilimhamishia Lusail, akalinde geti la mnara ambao haujakamilika, mahali pasipoingia familia ya mtu yeyote, malori tu na vumbi.

Walipokutana tena Al Sadd, Miriam hakugusa chapati yake. Alimweleza yote. Trevor anamaliza mkataba, anarudi Mbarara. Madamu anataka Miriam ndiye awapeleke watoto shule, na yuko tayari kumlipia mafunzo ya udereva. Vile vitu vya kwenye simu vilikuwa alama za barabarani. Trevor alikuwa akimtahini, na alipokosea walicheka wote wawili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilipojifunza Kiarabu ulininunia. Nilipoongezwa mshahara uliniuliza nimefanya nini ndio niongezwe. Nikasema wacha nifaulu kwanza."

Trevor alimtoka Kiprono rohoni palepale, kama mgeni aliyeaga. Lakini kiti chake hakikubaki wazi. Kiprono ndiye aliyetangulia mji huu. Yeye ndiye aliyeomba kampuni imwachie ajifunze udereva, akaambiwa mlinzi ni mlinzi. Sasa leseni inamwendea yaya, na mshahara utakaoupita wake. Alipomwonea wivu Mganda, angalau aliweza kujiita mwanaume anayeibiwa. Wivu huu wa pili hakuwa na jina zuri la kuupa, hata mbele ya Ndirangu.

Trevor alimpigia kabla ya kuondoka. "Ssebo, mke wako anakanyaga breki kama anaua nyoka. Mwombee." Kiprono alicheka bila kutaka, kisha akamwomba radhi, na Trevor akasema yamekwisha, yeye pia ana mke.

Miriam alianguka mtihani wa kwanza. Kiprono alipopata habari alimpa pole, na alipokata simu aligundua kwamba alikuwa akipiga mluzi. Aliona aibu, akanyamaza. Mtihani wa pili Miriam alifaulu, akapiga simu akipayuka kwa furaha.

"Hongera," Kiprono alisema. Ilitoka kavu.

"Sema tena, Baba Daisy."

"Hongera, Mama Daisy." Ya pili ilikuwa afadhali.

Ijumaa moja madamu aliwaacha watoto kwa nyanya yao, akamruhusu Miriam atumie gari hadi wakati wa magharibi. Miriam alilipeleka moja kwa moja Lusail. Kiprono alikuwa akingoja kando ya barabara na wenzake, na gari jeupe la madamu liliposimama mbele yao, kioo kikashuka, wote waligeuka kutazama. Kiprono akafungua mlango wa nyuma.

"Mimi si teksi," Miriam alisema. "Njoo mbele."

Akaja mbele. Wenzake walimpigia miluzi, naye akajisikia mkubwa, na papo hapo akajisikia mdogo. Miriam alitazama kioo cha pembeni, akawasha taa ya kuashiria, akaingia barabarani bila kusitasita. Mikono yake ilitulia kwenye usukani. Kiprono aliitazama mikono ile muda mrefu. Alitaka kumwambia anaendesha vizuri.

"Punguza mwendo," alisema, ingawa mkewe hakuwa akienda mbio.