Kilatini Changu na Ng'ombe za Mathe

Leo Kilatini changu kimefanya kazi. Kimefukuza daktari wa ng'ombe.

Niko kwetu Molo. Daktari amekuja kuchanja ng'ombe za mathe, na mathe amekataa kabisa kufungua boma.

Sasa, mimi niliacha seminari zamani, lakini huku nyumbani bado naitwa Father. Nikaona wacha Father asaidie.

"Mama, hii chanjo Wazungu wanaiita 'vaccine'. Ni neno lililotoka kwa Kilatini. *Vacca* ni ng'ombe. Chanjo ya kwanza kabisa ilitoka kwa ng'ombe, ikakinga watu."

Mathe akasogea kunisikiliza. Daktari akatabasamu, akaanza kutoa sindano.

Hapo nilijiskia profesa, siwadanganyi.

"Kumbe ilitoka kwa ng'ombe?"

"Ndio, Mama."

"Sasa mnamrudishia ya nini, na ni yake?"

Akatia boma kufuli.

Daktari hakuniambia hata kwaheri. Akaenda zake kwa jirani, Mama Shiro.

Huko pia akapata lango limefungwa. Mathe alikuwa ameshapiga simu:

"Usifungue. Father ameeleza yote, tena kwa Kilatini."

Chekeni tu.