Ng'ombe Waliolala Kwetu

Kila redio ikitangaza kwamba pato la taifa limekua, huwa nauliza swali moja, hata nikiwa peke yangu chumbani: limekua zizini kwa nani? Nimeuliza hivyo Nakuru, nikauliza Kitale, nikauliza Malindi nilikokwenda kutembea nikajikuta nimekaa miaka. Majirani wangu wa vyumba vya kupanga wamenizoea. Wanadhani nagombana na mtangazaji. Hawajui kwamba ugomvi huo ulianzia upande wa Bomet, miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tatu, na kwamba sina nia ya kuumaliza.

Boma letu lilikuwa kwenye mteremko, chai upande wa juu, mahindi katikati, zizi chini karibu na mto. Baba alifariki nikiwa mdogo. Alituachia ile chai kidogo, nyumba ya mabati, na ng'ombe ambao mimi sikuwa nimewaona hata siku moja.

Kwetu mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule. Tunaita kimanagan. Anayempokea ng'ombe anamkamua, maziwa ni yake na mbolea ni yake, lakini ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja hauwezi kukumaliza. Tena hakuna jirani anayejua kwa hakika nani ana nini, na hiyo ni nusu ya faida. Ng'ombe wa baba walikuwa kwa mtu wa rika lake, huko Fort Ternan, karibu na pale ardhi inapoteremka kwenda kwenye joto la miwa. Na wale waliolala kwetu walikuwa wa watu wengine, wote. Mama alijua kila mmoja ni wa nani. Mimi nilimjua mwenye mmoja tu, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, kwa sababu mzee aliyemleta alinikuta langoni jioni ile. Alikuwa mzee wa kanisa letu. Aliweka kidole mdomoni, akacheka, akanipa kamba.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa somo la biashara, mtu wa milima ya magharibi ambaye wazazi wake walikuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa wakabaki. Alipenda kubishana, na sisi tulipenda kumbishia. Siku aliyofundisha pato la taifa mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati, ikabidi apaze sauti.

"Unachukua kila kitu kilichozalishwa ndani ya mipaka kwa mwaka mmoja," alisema. "Hilo ni pato la ndani. Halafu unaongeza mapato ya watu wetu kutoka nje, unatoa mapato ya wageni kutoka huku kwetu. Hapo ndipo unapata pato la taifa."

"Na maziwa tunayokunywa nyumbani, mwalimu?" aliuliza mmoja wetu. "Hayo hayauzwi."

"Yanakadiriwa."

"Na nani?"

"Na mtu fulani Nairobi."

"Huyo amewahi kukamua?"

Tulicheka mpaka akagonga meza. Akaendelea. Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, alisema, kwanza toa kupanda kwa bei, la sivyo utajidanganya. Hilo hatukuhitaji kuelezwa sana, maana miaka hiyo bei za vitu zilikuwa zikipanda kama zinafukuzwa. Akatoa mfano wa mkulima ambaye bonasi yake ya chai zamani ilinunua mabati ya nyumba nzima, na sasa anapewa noti nyingi zaidi lakini zinatosha mabati ya jikoni tu.

"Je, huyo ametajirika?"

"Amekonda, mwalimu!"

"Basi. Sasa yale mashamba makubwa mnayoyaona mkienda Kericho. Majani yanachumwa hapa, kwa hiyo yako kwenye pato la ndani. Lakini wenyewe wako ng'ambo. Ile faida yao mnaitoa kabla hamjafika kwenye pato la taifa."

Niliinua mkono. "Kumbe ni kimanagan," nikasema. "Ng'ombe analala kwako lakini si wako."

Darasa likalipuka. Mwalimu hakulijua neno, akanitaka nilieleze, nikaeleza. Alifikiri kidogo huku akijipangusa chaki.

"Sawa. Lakini wewe unayemlaza ng'ombe wa mtu unapata maziwa. Sisi, kwenye hayo mashamba, tunakunywa nini?"

"Chai ya rangi!" akapiga kelele kijana wa nyuma, na hata mwalimu akashindwa kujizuia.

Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikijiona msomi. Sikujua kwamba nitafanyiwa mtihani wa somo lile mapema hivyo.

Karo ya shule ilikuwa imetushinda. Nilikuwa nimebakisha kidato cha nne, na njia iliyobaki ilikuwa basari, msaada uliogawanywa na kamati ya wazazi na walimu. Kamati ilitembelea maboma ili ione kwa macho nani hana. Mwenyekiti wake alikuwa yule mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe mwekundu. Mwanawe alikuwa darasa langu, na yeye pia alikuwa ameomba. Zizi la mzee lilikuwa tupu kabisa. Majani yalikuwa yameota ndani yake.

Walikuja watatu, mzee, mama mmoja mwenye duka na mwanamume mwingine aliyebeba mwavuli. Walitusalimu chamgei, tukaitikia. Mama aliwakaribisha ndani, lakini mzee alipenda kuanzia zizini.

"Naona hapa pamejaa, mama."

"Pamejaa matope, mzee."

"Matope hayanyonyeshi. Hawa ng'ombe wamenona."

Yule mwekundu alimsogelea, akanusa mkono wa koti lake, akaanza kuulamba. Mzee akavuta mkono. Ng'ombe akaufuata.

"Huyu amekupenda," mama alisema.

"Ng'ombe wanapenda chumvi."

Yule mama wa duka akacheka, hakujua anachocheka.

"Na kama si wangu?" mama akauliza taratibu.

"Wote wanasema hivyo." Mzee alimtazama usoni bila kupepesa. "Kama si wako, mtaje mwenyewe."

Nilimwona mama akifungua mdomo, kisha akaufunga. Mzee alijua ataufunga. Ndiyo maana aliuliza.

"Tena huyu ni msichana," akaongeza, akinionyesha kwa kidevu. "Hata akipumzika nyumbani kidogo si neno. Atakuletea ng'ombe wengine."

"Huyu sikumzaa nimfunge zizini," mama akasema, na hakuwakaribisha tena ndani.

Walipopotea kwenye kona ya njia nilimgeukia.

"Si ungesema! Ni ng'ombe wake, mama! Amehesabu ng'ombe wake kwetu!"

"Ng'ombe wa mtu hatajwi."

"Yeye amemtaja."

"Amesema wake ni wangu. Hiyo ni aibu yake, usimsaidie kuibeba."

"Na mimi nitabeba nini? Kikapu cha majani?"

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Tukimtaja huyu leo, kesho hakuna mtu atatuamini hata na mbuzi. Na yule wa Fort Ternan akisikia, atajua hata yeye kwetu anaweza kutajwa. Unafikiri baba yako aliwaacha wale ng'ombe na karatasi? Aliwaacha na mdomo uliofungwa."

Majina ya waliopata basari yalipobandikwa, langu halikuwepo. La mwana wa mzee lilikuwepo. Shule zilipofunguliwa nilibaki nyumbani, na wiki hiyohiyo nikaenda kuomba kibarua kwenye shamba kubwa.

Nilikuwa nimechuma chai ya kwetu tangu utotoni, lakini kuchuma kwa haraka ya nyapara ni kitu kingine. Majani yenye umande yanakata ngozi ya vidole kama uzi, na utomvu wake unaingia kwenye nyufa na kukaa humo, mweusi. Mchana tulikunywa chai ya rangi kutoka kwenye chupa za plastiki. Nilikuwa nikisimama kwenye foleni ya mizani nikiona majani yangu yakipimwa, nafikiria: hapa nchi imekua kidogo. Mimi niliyefukuzwa shule nimeikuza nchi leo. Nilikasirika kiasi kwamba nilichuma vizuri.

Jumapili moja mama aliamka mapema, akamwosha yule ng'ombe mwekundu kwa maji ya mto, akampaka siagi kwenye baka la usoni. Akajaza mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kilichosuguliwa vizuri, kwa sababu ng'ombe wa mtu harudi mikono mitupu. Kisha akangoja. Alingoja mpaka ibada ilipokaribia kwisha.

Boma la mzee lilikuwa limepakana na kanisa. Tulifika watu wakitoka, wakisalimiana mlangoni, mzee akiwa katikati yao na koti lake lilelile. Mama hakumwendea. Alisimama barabarani, akaifungua kamba shingoni mwa ng'ombe, akarudi nyuma.

Ng'ombe alitazama huku na huku. Akanusa hewa. Halafu akaanza kutembea, bila haraka, akapita katikati ya waumini na mabiblia yao, akaingia lango la mzee, akashuka moja kwa moja hadi kwenye lile zizi lililoota majani. Akaanza kuyala. Alikuwa amezaliwa humo.

Yule mama wa duka alimtazama ng'ombe, akamtazama mzee, akautazama mkono wa koti lake.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" mtu akauliza.

"Mimi sijamtaja mtu," mama akasema. Alitundika kibuyu kwenye mti wa lango. "Nimechoka tu kuwa tajiri."

Aliyeanza kucheka alikuwa mke wa mchungaji. Baada yake hakuna aliyeweza kujizuia, isipokuwa mzee, na mwanawe aliyekuwa akitazama viatu vyake. Huyo nilimhurumia. Baba yake sikumhurumia, na hata leo sijaanza.

Msifikiri tulishinda. Tulipoteza maziwa ya ng'ombe mzuri kuliko wote. Na wenye wale wengine walipopata habari waliingiwa na wasiwasi, wakaja mmoja mmoja jioni kuchukua wao, kwa maneno matamu. Wapo waliosema mama alikuwa amemtaja mtu kwa miguu badala ya mdomo, na kwamba ni yaleyale. Mama alijibu kwamba ng'ombe ana haki ya kujua kwao. Mwaka ulipokwisha zizi letu lilikuwa tupu, na mimi bado nilikuwa na kikapu mgongoni.

Kisha akaja yule rafiki ya baba kutoka Fort Ternan. Nilimwona akipanda mteremko na fimbo yake, mbele yake fahali kijana mwenye shingo nene. Nilidhani amekuja kuvunja urafiki.

"Shemeji," alimwambia mama, "nasikia zizi lenu limelala njaa."

"Umesikia na mengine?"

"Nimesikia ng'ombe alikwenda kanisani." Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Na nimesikia wewe hukufungua mdomo. Basi nikasema, watu wa rafiki yangu bado ni walewale."

Fahali alikuwa ndama wa ng'ombe wa baba. Alisema yule mtoto wa shule ndiye atakayemla. Tulimuuza kwa mchinjaji wa Kericho, na nusu ya karo ikapatikana.

"Na wengine wa baba bado wako?" nilimuuliza tukinywa chai.

"Wako."

"Wangapi?"

Yeye na mama walinitazama kama mtu aliyetema mate mezani.

Januari kamati ilikuja tena. Mzee hakuwa mwenyekiti. Alisema ni mambo ya kiafya. Aliyeongoza safari hii alikuwa mwalimu wangu wa biashara. Alisimama mbele ya zizi tupu, mvua ikianza, akatikisa kichwa.

"Ukipima kwa macho," alisema, "boma hili limeanguka. Mwaka jana zizi lilijaa, mwaka huu hakuna kitu."

"Mwaka jana nilikuwa nimefukuzwa shule," nikasema.

"Najua. Na wewe ndiye uliyenifundisha kimanagan, kwa hiyo leo nitauliza kama inavyotakiwa." Alimgeukia mama kwa heshima. "Mama, siulizi waliolala hapa. Walio wako, popote walipo, ni wangapi?"

Lilikuwa swali sahihi. Nusu ya karo yangu ilikuwa imening'inia kwenye jibu lake, na nilitamani sana amjibu, mara hii tu.

"Mwalimu," mama akasema, "hiyo hatusemi."

"Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika mtoto anataka kusoma. Hiyo nasema hata mbele ya kanisa."

Mwalimu alifuta maji ya mvua usoni. Akanitazama vidole, vile vyeusi, kwa muda mrefu kidogo. Halafu akasema twendeni ndani tunywe hiyo chai, na kama kuna maziwa, heri.

Hayakuwepo. Tulimpa ya rangi, akainywa akicheka. Nilipata nusu iliyobaki, nikamaliza kidato cha nne, na hapo ndipo masomo yangu yalipokoma.

Sijatulia mahali tangu wakati huo. Cherehani yangu iko kwa rafiki Kitale, vyombo viko Nakuru, na huko Fort Ternan, kwa watoto wa yule rafiki ya baba, kuna kitu changu chenye pembe. Watu wa takwimu wakibisha mlango wa chumba nilichopanga wanaona kitanda na jiko la mafuta ya taa, wanaandika, wanaondoka. Sijamwambia hata mmoja. Mmoja alipokazana kuuliza mali nyingine, nilimpa kiti, nikampa chai, nikamjibu kama mama.

Chai yake ilikuwa na maziwa.