Michembe ya Wageni Wasio na Mwenyeji

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai kwenye gesti hapa Bariadi, wakaingia vijana wawili wa kigeni kutafuta chumba. Mama mwenye gesti, Msukuma wa Lalago, akawawekea kwanza maji na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Walipoanza kutafuna ndipo akauliza, "Mnakwenda kwa nani, wanangu?"

"Tunapita tu, mama."

"Hata anayepita ana mwenyeji."

Hawakuwa naye. Akampigia simu mwenyekiti wa mtaa aje kuwapokea. Mwenyekiti akaja na polisi, waliokuwa wakiwasaka wageni wanaodaiwa kulala gesti hadi gesti wakienda kujiunga na wapiganaji wa msituni.

"Mama, ulijuaje?" askari akauliza.

"Nijue nini? Niliwatafutia mwenyeji."

Kila siku tunahimizwa tuwashuku wageni. Huyu hakumshuku mtu, na bado hawakumpita.

Alipoelezwa ni akina nani, mimi nilikuwa nimeshainama nyuma ya chupa ya chai. Yeye aliifunga michembe iliyobaki kwenye gazeti, pengine lenye safu hii, akamnyooshea askari.

"Wapeni njiani. Hawajamaliza kula."

Askari, bunduki begani, akaipokea kwa mikono miwili.