Jiwe la Kumi na Nane

Mwanangu, kabla mkeo hajaondoka kesho kwenda kujifungua kwao Koboko, keti kidogo. Nakumbuka siku mama yako naye alipoondoka hapa Awindiri, mjini Arua, kwenda huko kwa mama yake, maana desturi yetu mimba ya kwanza hupelekwa kwao mwanamke.

Mchana akapiga simu. Gari limekufa njiani, uchungu umeanza, na dereva amekwenda kutafuta msaada. "Niko kwa jiwe ya kumi na nane," akasema. "Kuja haraka, naogopa." Simu ikakatika.

Nilimkimbilia Mzee Ramadhani, jirani yetu mwenye pikapu, tukatoka mbio. Namba nilikuwa nayo, nikajiona nina kila kitu. Nikahesabu mawe ya kilomita kutoka Arua hadi la kumi na nane. Hapakuwa na gari wala mtu, nyasi tu zilizonipita kimo. Niliita jina lake mpaka sauti ikanikauka. Niliingia nyasini nikitafuta damu. Sijawahi kuogopa vile, wala siombi kuogopa hivyo tena.

Mzee akanishika shati. "Jiwe iko na nyuso mbili," akasema. "Wewe nahesabu toka Arua. Bibi yako iko naenda Koboko, yeye nasoma ile uso yenye naonyesha kilomita yenye imebaki mpaka Koboko. Kwa nini hapana uliza?"

Kuuliza si ujinga, lakini mwenye hofu hana masikio.

Tulimkuta mbele sana, amelala juu ya kanga kando ya barabara, abiria mwenzake akimpepea. Mama yako alikuwa hai. Kaka yako alikuwa amezaliwa, akalia kidogo, kisha akanyamaza. Tulimzika Koboko jioni ileile. Hatukuwahi kukuambia, na mama yako usimuulize.

Tangu juzi mliponiambia mkeo anasafiri, silali. Basi mkeo akikupigia akiwa njiani, usikimbie na namba peke yake, maana haraka haraka haina baraka. Muulize hiyo namba inahesabu kwenda mji gani, na uso wa pili wa jiwe unasemaje. Mwache ajibu, nawe urudie maneno yake, hata moyo ukikupasuka. Ndipo uwashe gari.

Mungu amfikishe kwao, amfungue salama, na huyo mtoto alie mpaka majirani wachoke.