Kinyozi wa Laptopu

Mtaani wanamwita Kinyozi, maana laptopu ikiwa nzito yeye huinyoa: anafuta kila anachoona hakina kazi mpaka inapaa. Ya dada yake inapaa kweli, ila programu ya kuchora darizi ikifunguliwa tu, puu, inajifunga, na gauni la bibi harusi linatakiwa kesho.

"We kaka, umeninyolea mpaka nyusi!"

"Tulia, dada."

Kinyozi anatafuna kamba ya sweta, anarudisha kipande kimoja alichofuta, anajaribu. Puu. Kingine. Puu. Kucha inagongagonga meza, macho hayabanduki. Kinabaki kipande cha sauti, alichokifuta akicheka, "Kwani darizi inaimba?" Anakirudisha. Ting! Programu inafunguka. Kumbe kila ikifunguliwa ilitaka kupiga hodi kwa mlio, ikikosa sauti inazimia.

"Nyusi zako hizo," anasema, bila kugeuka.